Kabla Drili Haijalia: Mwongozo wa Kufunga TV Sebuleni

Watu wengi huchukua mwezi mzima kuchagua TV, kisha dakika tano kuamua itakaa wapi. Fundi anafika, anaweka kiganja ukutani, anauliza, "Hapa, bosi?" Mwenye nyumba anaitikia na drili inalia. Kuanzia siku hiyo familia inatazama taarifa ya habari shingo zikiwa juu, waya mweusi unaning'inia katikati ya ukuta mweupe, na kila umeme ukikatika kuna mtu anakimbia kuchomoa plagi.

TV yenyewe haina kosa. Ufungaji mzuri huamuliwa kabla ya tundu la kwanza: watu watakaa wapi, ukuta umejengwa kwa nini, umeme unafikaje pale, na nyaya zitapita njia gani. Kutundika skrini ndiyo kazi ndogo kuliko zote. Si lazima ushike drili mwenyewe, lakini ukiufuata mpangilio huu utajua la kumwambia fundi, la kumuuliza na la kumkatalia.

Kutoka dukani hadi nyumbani

Iwe unanunua Kariakoo au duka la mtaani kwako, iwashe TV hapohapo kabla ya kulipa. Omba ionyeshwe skrini nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu. Mistari, madoa na kona zinazovujisha mwanga huonekana mara moja. Kama imeandikwa kuwa ni smati, fungua YouTube na programu nyingine unazotumia, uone zinacheza. Zipo TV zenye alama za programu kwenye skrini ambazo ukizibonyeza hazifiki popote. Chukua risiti ya EFD na karatasi ya waranti, na uhakikishe namba iliyoandikwa kwenye waranti ni ileile iliyobandikwa mgongoni mwa TV.

Njiani, TV bapa isafiri ikiwa imesimama. Ukiilaza, kila shimo la barabara linakipinda kioo chembamba ambacho hakikutengenezwa kubeba uzito wake kikiwa kimelala. Kama haitoshei kwenye bajaji ikiwa imesimama, lipia kirikuu. Ikifika, iwashe tena kabla ya kuitundika, ili ikionekana na kasoro usibishane na muuzaji kama ni yeye au ni fundi. Boksi litunze hadi waranti iishe.

Anza na kochi

Inchi za TV hupimwa mshazari, kona hadi kona, na inchi moja ni sm 2.54. Kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye boksi haikwambii upana wala kimo. Vipimo vya skrini zinazonunuliwa sana ni hivi, pamoja na umbali mzuri wa kukaa:

Inchi 32: upana sm 71, kimo sm 40, kaa m 1.3.
Inchi 43: upana sm 95, kimo sm 54, kaa m 1.75.
Inchi 55: upana sm 122, kimo sm 69, kaa m 2.2.
Inchi 65: upana sm 144, kimo sm 81, kaa m 2.6.

Umbali huo unatokana na kuzidisha mshazari kwa 1.6. Mpenda filamu anaweza kusogea hadi mara 1.2. Ukienda mbali zaidi ya mara 2.5, macho hayaoni tena faida ya 4K uliyoilipia. Fikiria pia unachotazama. Chaneli nyingi za visimbuzi bado zinakuja kwa picha ya kiwango cha kawaida, na picha hiyo kwenye inchi 65 ukiwa karibu huonekana kama imepigwa ukungu. Nyumba inayotazama zaidi taarifa ya habari na tamthilia za kisimbuzi haihitaji skrini kubwa kiasi kile kinachomfaa mtu wa filamu za 4K.

Sasa kimo. Mtu mzima akiketi kwenye kochi, macho yake huwa kama m 1 hadi 1.1 kutoka sakafuni, na katikati ya skrini panapaswa kuwa hapo au juu kidogo tu. Kwa TV ya inchi 55 ina maana ukingo wa chini unakaa kama sm 70 kutoka sakafuni. Wengi wakisikia hivyo hushtuka kwa kuona ni chini mno, kwa sababu macho yamezoea TV za baa na za vinyozi. Kule zimepandishwa ili watu waliosimama au wanaopitapita wasiwazibe waliokaa. Sebuleni hakuna anayesimama saa mbili akitazama mpira.

Kabla ya kuamua, kata magazeti au boksi kwa ukubwa wa skrini, yabandike ukutani kwa gundi ya karatasi, kisha kaa jioni moja ukiyatazama. Waambie na watoto wakae. Kama kuna sababu ya kweli ya kupandisha, labda kabati zito lisilohamishika au mtoto anayeanza kutembea na kuvuta kila kitu, nunua breketi inayoinama ili skrini iwaangalie waliokaa.

La mwisho kuhusu mahali ni mwanga. TV ikitazamana na dirisha au mlango wa baraza, mchana utajiona mwenyewe. Ikiwa mbele ya dirisha, macho yatachoka kwa mwanga unaotoka nyuma yake. Ukuta ulio ubavuni mwa dirisha ndio mzuri, na pazia zito humaliza kilichobaki.

Ujue ukuta wako

Ugonge kwa kifundo cha kidole. Sauti nzito, isiyorudi, ni tofali la saruji lililojaa. Sauti yenye mwangwi ni tofali lenye matundu au jipsamu. Kila ukuta una namna yake.

Tofali la saruji lililojaa na tofali la kuchoma hubeba TV bila shida, mradi fisha, ile plagi ya plastiki inayotangulia skrubu, iingie kwenye tofali lenyewe. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Plasta ya nje inaweza kuwa na unene wa sm 1.5 hadi 2, nayo haibebi kitu. Skrubu fupi itashika plasta, itaonekana imekaza, na miezi michache baadaye itaanza kulegea na unga kudondoka. Mwambie fundi atumie skrubu ya sm 7 au 8 kwa TV kubwa, atoboe kwa biti inayolingana na fisha, apulize vumbi lote ndani ya tundu, na akwepe mstari wa udongo wa saruji kati ya tofali na tofali.

Kwa tofali lenye matundu, fisha ya kawaida inaweza kuangukia kwenye uwazi. Tumia zile zinazofunguka ndani, na uongeze idadi ya matundu ili uzito ugawanyike.

Jipsamu ndiyo fasheni ya siku hizi: ukuta wa TV wenye mapambo na taa za LED zilizofichwa. Bodi hiyo ni jasi ngumu iliyovikwa karatasi, na peke yake haiwezi kubeba TV ya kilo 15 kwa usalama. Dawa yake ni kupanga mapema. Kabla fundi wa jipsamu hajafunga bodi, aweke mbao nene au plaiwudi ndani, pale breketi itakapokaa, na mbao hiyo ifungwe kwenye tofali la nyuma. Kama mapambo yamekwisha jengwa, tumia bolti ndefu zinazopita kwenye uwazi hadi kwenye tofali, zikiwa na vipande vya bomba vinavyozuia bodi isikandamizwe.

Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Drili ikipigwa kwa mtindo wa nyundo, chokaa hupasuka na tundu huwa pana kama kikombe. Fundi azungushe biti bila kugonga, aanze na biti ndogo kisha kubwa, na atumie bolti ndefu zinazofika kwenye jiwe. Mji huo uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo dishi la nje lisifungwe kwenye uso wa jengo kabla hujauliza mamlaka ya uhifadhi. Na ukuta wa udongo na miti usitundikwe kitu: weka meza imara, kisha ifunge TV kwa mkanda ili mtoto asiivute ikamwangukia.

Kama nyumba ni ya kupanga, mwombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya kutoboa, na mkubaliane nani atajaza matundu siku ya kuhama. Ujumbe wa simu unatosha. Utakusaidia wakati wa kudai amana yako.

Breketi na bolti zake

Mgongoni mwa TV kuna matundu manne. Umbali kati yake unafuata kipimo kinachoitwa VESA, na huandikwa kwa milimita: 100 kwa 100, 200 kwa 200, 400 kwa 400, na kadhalika. Pima kwa futi kabla ya kununua breketi. Usiende na inchi peke yake, kwa sababu TV mbili za inchi 55 zinaweza kuwa na matundu tofauti. Kwenye breketi pia huandikwa kilo inazobeba. Chagua inayozidi uzito wa TV yako kwa mbali.

Aina ni tatu. Ya bapa huikaza TV karibu na ukuta, ni imara na bei yake ni ndogo, lakini kuchomeka kebo baadaye ni mateso. Ya kuinama hukuruhusu kuelekeza skrini chini. Ya mkono huvutwa nje na kugeuzwa kushoto na kulia, inafaa sebule iliyoungana na chumba cha kulia chakula. Lakini mkono ukivutwa, uzito unaong'oa bolti za juu huongezeka mno. Usikubali breketi ya mkono kwenye jipsamu wala kwenye tofali lenye matundu.

Bolti zinazoingia kwenye TV mara nyingi ni M6 au M8 kwa skrini kubwa na M4 kwa ndogo. Ikiwa fupi, itashika nyuzi mbili tatu tu. Ikiwa ndefu, itagusa ndani na inaweza kuua skrini. Fundi aikaze kwa mkono kwanza, na ikikataa asilazimishe kwa drili. Breketi inyooshwe kwa pimamaji. Mstari wa dari usiwe kipimo, maana dari nyingi zimepinda na TV itapinda pamoja nazo.

Umeme

Umeme wetu ni volti 230, lakini kila mtu anajua kwamba hushuka jioni watu wanapopika na hupanda ghafla unaporudi baada ya kukatika. Hapo ndipo TV nyingi hufa. Weka kifaa cha ulinzi ambacho madukani huitwa TV gadi: hukata umeme volti zikizidi au zikipungua, na husubiri kidogo utulie kabla ya kuuruhusu tena. Stabilaiza ni kitu kingine. Yenyewe hurekebisha volti, na inafaa mahali ambapo umeme huwa hafifu kila siku. Vyote viwili havitoshi kama nyumba haina waya wa ardhini unaofanya kazi, ule mafundi wanaouita erthi. Mwambie fundi umeme aupime.

Soketi iwe nyuma ya skrini, si mita mbili pembeni. Kazi ya kuongeza soketi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na waya upite ndani ya bomba lake. Ni kosa kubwa kuchukua kebo laini ya TV au ekstensheni na kuifukia ndani ya plasta, kwa sababu kebo hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya kufukiwa na ikipata joto hakuna atakayeona. Usiunganishe ekstensheni juu ya ekstensheni. Plagi ya pini mbili isilazimishwe kwa kalamu kwenye soketi ya pini tatu. Nunua adapta nzuri au badilisha plagi, na ndani yake iwe fyuzi ya ampea 3, inayotosha kabisa kwa TV.

Kabla ya kutoboa, tazama soketi na swichi ziko wapi. Nyaya za ukutani kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka hapo, au huenda mlalo. Usitoboe moja kwa moja juu, chini wala pembeni mwa soketi au swichi, na zima meni swichi kama una shaka yoyote.

Kuhusu LUKU, usiogope sana. TV ya wati 100 ikiwashwa saa tano kwa siku hula nusu uniti, yaani uniti 15 kwa mwezi. Wati halisi za TV yako zimeandikwa mgongoni mwake. Kisimbuzi kinaendelea kula umeme hata ukikizima kwa rimoti, hivyo usiku kizime ukutani. Mvua ya radi ikianza, chomoa plagi na kebo ya dishi au antena. Radi ikipita kwenye kebo ya nje, kifaa cha ulinzi kilichoko kwenye soketi hakiioni kabisa.

Njia ya nyaya

Kama ujenzi bado unaendelea, zika bomba kutoka nyuma ya TV hadi kwenye kabati la chini. Bomba la milimita 20 la waya za umeme ni jembamba, kwa sababu kichwa cha HDMI hakipiti. Weka la milimita 40 au zaidi, lenye kona pana, na uache kamba ndani yake ili kebo mpya ivutwe bila kubomoa. Umeme uwe na bomba lake peke yake, mbali kidogo na la mawimbi. Kama nyumba imekwisha malizika, tumia tranki ya plastiki iliyonyooka wima na uipake rangi ya ukuta. Inapendeza kuliko plasta iliyochimbwa na kuzibwa vibaya.

Kebo ya HDMI haihitaji kuwa ya bei ya kutisha, inahitaji kuwa ya kizazi kinachofaa. HDMI 2.0 inabeba 4K kwa picha 60 kwa sekunde, 2.1 ni ya michezo ya kisasa na picha 120. Kwa 4K, kebo ya kawaida ni ya kuaminika hadi kama mita 5; zaidi ya hapo tafuta ya nyuzi za kioo, na uzingatie upande, kwa kuwa ina kichwa cha kutoa na cha kupokea. Kila kebo inayoingia ukutani ijaribiwe kabla ya kufukiwa, na uweke moja ya akiba.

Kisimbuzi kisifungiwe kwenye kabati lenye mlango wa mbao: mwanga wa rimoti haupiti mbao, na joto halitoki. Acha angalau sm 10 za hewa juu na nyuma.

Dishi

Setilaiti za matangazo ziko juu ya ikweta, kama km 35,786 kutoka ardhini. Dar es Salaam iko kusini ya ikweta, kwa hiyo hakuna dishi la Dar linalotazama kusini. Azam TV hupatikana nyuzi 7 mashariki: kutoka Dar ni upande wa magharibi ukielekea kaskazini kidogo, mwinuko wa nyuzi kama 52. DStv iko nyuzi 36 mashariki, karibu utosini, zaidi ya nyuzi 80. Tofauti hiyo ina maana yake: mwembe wa jirani ulio magharibi mwa nyumba yako unaweza kuiua Azam na usiiguse DStv. Na kumbuka mti unakua. Kuti la mnazi ambalo leo liko chini ya njia ya mawimbi, baada ya misimu michache litakuwa katikati yake.

Usishangae sahani ikionekana imesimama kuliko inakotazama. Katika madishi haya madogo LNB, kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya sahani, haiko katikati, hivyo mawimbi huingia kwa mshazari.

Bomba la dishi lifungwe kwenye ukuta au zege na lisimame wima kabisa. Bati huyumba kwa upepo na bolti zake huvujisha mvua. Kebo iwe kipande kimoja bila kiungo, na kabla ya kuingia ndani ifanye mkunjo wa kushuka ili maji yadondokee nje. Pwani, chumvi ya bahari hula konekta kwa kasi, kwa hiyo zifunikwe kwa mpira au utepe usiopitisha maji, na bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Fundi akimaliza, mwambie akufungulie ukurasa wa mawimbi kwenye kisimbuzi. Kuna mistari miwili: nguvu na ubora. Nguvu inaweza kujaa hata dishi likiwa limeelekea pasipo. Kinachokuhusu ni ubora, kwa sababu mvua kubwa huushusha, na ukianza ukiwa mdogo utaona "hakuna mawimbi" kila wingu linapopita. Kama unataka TV ya pili yenye kisimbuzi chake, utahitaji LNB ya matundu mawili na kebo yake kamili. Kugawanya kebo moja kutavuruga mambo, kwa sababu kila kisimbuzi huiamuru LNB kwa volti, 13 au 18, kulingana na chaneli inayotazamwa.

Sauti

TV nyembamba ina spika nyembamba. Ndiyo maana nyumba nyingi zina sabufa, na ndiyo maana nyingi kati yake zinasikika vibaya: spika ndogo zimepangwa pamoja juu ya ile kubwa, na kubwa imesukumwa kwenye kona. Zitenganishe. Mbili ndogo zikae kushoto na kulia kwa skrini, kwenye usawa wa masikio, zikiwaelekea waliokaa. Ile ya besi ikae chini, na isogezwe kutoka konani. Kona huongeza mngurumo unaofunika maneno. Chini yake weka kipande cha zulia au mpira, hasa kama unapanga chumba kinachopakana na jirani.

Sebule ya vigae, kuta tupu na dari ngumu hurudisha sauti. Zulia, pazia na makochi ya kitambaa huboresha sauti kuliko kubadilisha spika.

Kwa saundbaa, tafuta kwenye TV tundu la HDMI lililoandikwa ARC au eARC na uchomeke humo, si kwenye lingine lolote. Hapo rimoti moja itaongeza na kupunguza sauti. Kama hakuna, tumia kebo ya mwanga au ya AUX. Bluetooth iwe ya mwisho, maana mara nyingi sauti huchelewa na midomo ikawa inasema kabla ya maneno kusikika.

Intaneti na bando

Netflix yenyewe inapendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya HD kamili na 15 kwa 4K. Kwa upande wa bando, HD hula hadi GB 3 kwa saa na 4K hadi GB 7, kwa hiyo filamu ya saa mbili ya 4K inaweza kumaliza GB 14. Kama unatumia bando la simu, ingia kwenye mipangilio ya akaunti na uchague kiwango cha kati, kinachokula kama GB 0.7 kwa saa.

Kuta za tofali hunywa mawimbi. Ruta ikiwa chumba kimoja na TV, tumia mkondo wa GHz 5. Ikiwa chumba kingine, GHz 2.4 utafika mbali zaidi ingawa kwa kasi ndogo. Lililo bora kuliko yote ni kebo ya mtandao ndani ya lile bomba ulilozika.

Picha

TV hutoka ikiwa imewekwa kwa ajili ya duka: mwanga mkali na rangi zilizopigiwa kelele ili zionekane chini ya taa za dukani. Unapoiwasha mara ya kwanza na kuulizwa ni ya duka au ya nyumbani, chagua ya nyumbani. Kisha toka kwenye Vivid uende Movie au, kama ipo, Filmmaker Mode, iliyotangazwa mwaka 2019 ili filamu zionekane kama watengenezaji walivyozikusudia. Siku mbili za kwanza utaona kama ina manjano. Macho yakizoea, utagundua ngozi za watu sasa zina rangi ya ngozi.

Zima ulainishaji wa mwendo unapotazama filamu, la sivyo kila sinema itaonekana kama tamthilia iliyorekodiwa studioni. Kwenye mpira unaweza kuuacha kidogo. Kama matokeo kwenye kona ya skrini yanakatwa, tafuta Just Scan au Screen Fit kwenye ukubwa wa picha. Kama watu wote wamekuwa wanene, chaneli ya zamani imevutwa kujaza skrini. Irudishe kwenye 4:3.

Kabla hujalipa

Malipo ya mwisho yasubiri hadi umepitia haya, fundi akiwa bado yupo:

Shika kingo za chini za TV na uitikise taratibu. Breketi isicheze, na unga usidondoke.
Weka pimamaji juu ya skrini.
Kaa kwenye kochi unalokaa kila siku na utazame dakika kumi.
Jaribu kila tundu la HDMI, hata usilolitumia leo.
Fungua ukurasa wa mawimbi na upige picha kiwango cha ubora.
Zima meni swichi na uiwashe. Tazama TV gadi inasubiri kabla ya kuruhusu umeme.
Ongeza na upunguze sauti kwa rimoti moja.
Hesabu bolti na vipande vilivyobaki, na uulize kila kimoja kwa nini kimebaki.

Mkubaliane pia, kwa maandishi mafupi, fundi atarudi bure kwa muda gani kama kitu kitalegea. Fundi anayejiamini hatakataa.

Baada ya hapo matunzo ni machache. Futa skrini ikiwa imezimwa na imepoa, kwa kitambaa laini kikavu, bila sabuni ya vioo. Kila baada ya miezi michache pitisha brashi kwenye matundu ya nyuma, maana mijusi na sisimizi hupenda joto lile. Mara moja kwa mwaka kaza bolti na ukague konekta za dishi, hasa baada ya masika.

Na kama bado ukuta haujapigwa plasta, chukua simu sasa. Piga picha ya kila bomba na kila waya, futi ikiwa imewekwa kando yake ili vipimo vionekane, na uzihifadhi pamoja na waranti. Fundi atakayekuja miaka mitano ijayo kubadilisha skrini hatakuwa na haja ya kugonga na kubahatisha. Atajua pa kutoboa na pa kuepuka.